Presha na Kumbukumbu: Nafasi ya Mishipa ya Damu Katika Ugonjwa wa Alzheimer

Msikilizaji, mzee anapoanza kuuliza swali lile lile mara tatu ndani ya saa moja, anapopotea njia aliyoipita kwa miaka 30, au anapomwita mjukuu kwa jina la ndugu yake aliyekwisha kufariki, watu wa nyumbani huwa na maelezo mawili tayari. Ama ni uzee tu, mzee amerudi utotoni, ama kuna mkono wa mtu. Siku hizi maelezo ya tatu yameingia, hasa mijini: ana ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio aina inayoongoza ya dimensia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Jina hilo tumelipokea pamoja na picha moja iliyorahisishwa, kwamba kuna uchafu wa protini unaojikusanya ubongoni na kuua seli, na kwamba hakuna la kufanya ila kumsubiri mgonjwa aishe taratibu. Katika mazungumzo haya nataka kuonyesha kuwa picha hiyo ina pengo, na kilichoachwa nje ni mishipa ya damu. Hoja yangu ni hii: kwa wengi wanaoupata ugonjwa huu uzeeni, hali ya mishipa ya damu huchangia sana kuamua iwapo uchafu ule utakaa ubongoni bila kumsumbua mtu, au utamwondolea akili zake. Na kwa kuwa mishipa ya damu ni kitu tunachojua kukipima na kukitibu, tena kwa dawa zilizopo katika zahanati zetu, hoja hii ina uzito wa pekee kwetu sisi wa Afrika Mashariki.

Tuanzie pale ugonjwa ulipopata jina. Novemba 1906, mjini Tübingen nchini Ujerumani, daktari Alois Alzheimer aliwaeleza wenzake habari za mwanamke aitwaye Auguste Deter, aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Frankfurt mwaka 1901 akiwa na umri wa miaka 51, na kufariki Aprili 1906. Alipoutazama ubongo wake kwa hadubini aliona vitu viwili ambavyo hadi leo ndivyo alama za ugonjwa: madonge yaliyotapakaa nje ya seli, na ndani ya seli nyuzi zilizosokotana kama uzi ulioingiliana. Hayo ndiyo yaliyodumu vitabuni. Lakini katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1907 Alzheimer alitaja pia kwamba mishipa mikubwa ya ubongo wa marehemu ilikuwa imekakamaa. Baadaye madaktari walikwenda upande wa pili kabisa. Kwa miongo mingi kila mzee aliyepotewa na akili aliambiwa kuwa mishipa yake imekuwa migumu, na jina la Alzheimer likaachiwa wagonjwa wachache wa umri wa kati. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Bernard Tomlinson, Garry Blessed na Martin Roth, wakichunguza ubongo wa wazee waliofariki huko Newcastle, Uingereza, wakakuta yale madonge na zile nyuzi kwa wengi waliodhaniwa kuwa na mishipa migumu tu. Mwaka 1974 Vladimir Hachinski na wenzake wakaongeza kwamba mishipa inapoleta dimensia hufanya hivyo kwa njia ya viharusi vingi vidogo, wala si kwa ubongo kukosa damu polepole. Tangu hapo maradhi mawili yakawekwa katika makabati mawili: hili la Alzheimer, lile la mishipa. Utengano huo ulisaidia sana utafiti, nakubali. Ila ulituzoesha kuamini kwamba mgonjwa lazima awe wa kabati moja.

Maumbile hayakuutambua utengano huo. Mwaka 1984 George Glenner na Caine Wong, wakiwa San Diego, Marekani, walifanikiwa kuitambua protini inayounda yale madonge, ambayo leo inaitwa amiloidi. Ugunduzi huo ndio uliozaa nadharia kubwa ya miaka 40 iliyofuata, kwamba amiloidi ndiyo chanzo na mengine yote ni matokeo yake. Jambo ambalo halisemwi mara kwa mara ni mahali walipoitoa protini hiyo. Waliitoa katika kuta za mishipa ya damu ya utando unaoufunika ubongo wa watu waliokufa na Alzheimer. Na hilo si jambo la nadra. Madaktari wa patholojia wanapoufungua ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, kwa walio wengi mno huikuta amiloidi imejipaka pia kwenye kuta za mishipa midogo, kidogo kwa huyu, sana kwa yule, ikiifanya mishipa hiyo kuwa mikavu na myepesi kupasuka. Kwa hiyo hata tukikubali kwamba amiloidi ndiye mshitakiwa mkuu, mahali pa tukio ni pamoja na mshipa wa damu.

Ili kuelewa kwa nini mambo haya mawili yameshikana, tuutazame ubongo kama kiungo kinachokula. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hata mtu akiwa amepumzika hutumia kama asilimia 20 ya oksijeni yote. Na hauna ghala la maana. Unapokea na kutumia papo hapo, hata damu ikikatika kwa sekunde 10 hivi mtu huzirai. Mishipa inayoulisha, ingenyooshwa na kuungwa mmoja baada ya mwingine, inakadiriwa kufika kilomita 600, karibu na urefu wa barabara ya Dar es Salaam hadi Arusha, na sehemu kubwa ya urefu huo ni kapilari, vijishipa vyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita moja moja kwa kujibana. Waliokulia Uchagani wanaijua mifongo, mifereji inayoteremsha maji kutoka mlimani hadi kwenye migomba. Mfongo ukizibwa huko juu, migomba ya mwisho ndiyo inayotangulia kunyauka. Katika ubongo, migomba hiyo ya mwisho ni ile sehemu nyeupe ya ndani, zinamopita nyuzi za neva zinazounganisha eneo moja na jingine. Presha ikiwa juu kwa miaka 20, kuta za mishipa inayoingia humo huwa nene na tundu lake hupungua, na kwenye picha za MRI sehemu hiyo huanza kuonyesha mabaka. Mwenye ubongo huo hasikii maumivu yoyote.

Mishipa ina kazi nyingine, nayo ndiyo inayoifikisha hadithi kwenye amiloidi. Kila ubongo, hata wa kijana mzima wa afya, hutengeneza amiloidi kila siku. Kinachotofautisha ni kasi ya kuiondoa. Sehemu yake huvunjwavunjwa papo hapo, nyingine huvushwa kupitia ukuta wa kapilari na kuingia kwenye damu, nyingine husafiri kando ya kuta za ateri. Mwaka 2012 timu ya Maiken Nedergaard, huko Rochester nchini Marekani, ilieleza kwa majaribio ya panya jinsi majimaji yanavyopita kandokando ya ateri na kusafisha tishu ya ubongo, yakisukumwa na mapigo ya ateri zenyewe. Ateri iliyokakamaa haipanuki na kusinyaa kama inavyotakiwa, kwa hiyo na msukumo hudhoofika. Tena ukuta wa kapilari za ubongo ni tofauti na kapilari za mahali pengine mwilini. Seli zake zimebanana ili vitu vya damu visiingie ovyo. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California walionyesha mwaka 2019 kwamba kwa watu walioanza kupungukiwa na kumbukumbu, ukuta huo ulikuwa umeanza kuvuja, hata kwa wale ambao amiloidi yao haikuwa imebadilika. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba wanaobeba aina ya nne ya jeni ya APOE, jeni inayoongoza kwa kuongeza hatari ya Alzheimer ya uzeeni, huwa na uvujaji huo mapema katika eneo lile lile la kumbukumbu.

Na mwendo wa pili pia upo, amiloidi kuugeukia mshipa. David Attwell na wenzake wa London walitangaza mwaka 2019 kwamba amiloidi hufanya seli zinazoikumbatia kapilari kukaza, na walikuta kapilari zilizobanwa hivyo katika tishu ya ubongo wa watu wenye amiloidi. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba katika panya waliofanywa kuwa na Alzheimer, chembe nyeupe za damu hukwama ndani ya baadhi ya kapilari na kuzisimamisha. Kapilari zilizokwama hazikufika 2 kati ya 100, lakini walipozizibua, damu iliongezeka na panya wakakumbuka vizuri zaidi ndani ya saa chache. Panya si binadamu, na wengi waliotibiwa maabarani hawakutusaidia sisi. Hata hivyo jambo moja linaonekana wazi: mishipa mibovu hupunguza usafishaji wa amiloidi, na amiloidi inayobaki huibana mishipa, hivyo kila upande unauongezea mwenzake mzigo. Kubishana kipi kilitangulia kunaweza kuchukua miaka mingine 40, na wala mgonjwa hahitaji jibu hilo kabla ya kutibiwa presha.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote haukutoka kwa panya, ulitoka kwa masista. Mtafiti David Snowdon, wa Chuo Kikuu cha Kentucky, aliwafuatilia masista 678 wa shirika la Notre Dame nchini Marekani, wote wakiwa na umri wa miaka 75 na zaidi, waliokubali kupimwa kumbukumbu mara kwa mara na kuuacha ubongo wao kwa uchunguzi baada ya kufa. Uzuri wa kundi hilo ni kwamba maisha yao yalilingana: walikula chakula kinachofanana, walikaa nyumba zinazofanana, walipata matibabu yale yale. Mwaka 1997 Snowdon na wenzake walitoa matokeo ya masista 102 waliokwisha kufariki, wote wenye elimu ya chuo. Kati yao 61 walikuwa na madonge na nyuzi za kutosha kuitwa wagonjwa wa Alzheimer kwa kipimo cha hadubini. Sasa sikiliza tofauti ilivyojitokeza ndani ya hao 61. Wale ambao hawakuwa na kovu lolote la kiharusi ubongoni, asilimia 57 walikuwa wameonyesha dimensia walipokuwa hai. Lakini wale waliokuwa na kiharusi kidogo kimoja au viwili katika sehemu za ndani kabisa za ubongo, asilimia 93 walikuwa nayo. Viharusi hivyo ni vidogo mno, vya ukubwa wa punje, na vya aina yake huweza kutokea bila mtu kujua.

Takwimu hizo zinastahili kutafakariwa taratibu. Kwanza, zinasema kwamba zaidi ya masista wanne kati ya kila kumi waliokuwa na Alzheimer ubongoni, na mishipa isiyo na kovu, waliishi hadi kufa bila dimensia. Uchafu ulikuwapo, akili zikabaki. Pili, zinasema kwamba vidonda vidogo kimoja au viwili tu vya mishipa vilitosha kuiondoa karibu kabisa kinga hiyo. Na tatu, jambo ambalo linaikata hoja ya anayetaka kusema basi ni mishipa peke yake: kwa wale 41 ambao hawakufikia kipimo cha Alzheimer, viharusi vile vile havikuhusiana sana na dimensia. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hapa amiloidi peke yake mara nyingi ilishindwa, viharusi vidogo peke yake mara nyingi vilishindwa, lakini vilipokutana ubongo ukasalimu amri. Tafiti nyingine za kuchunguza ubongo wa wazee waliofariki zimeendelea kuonyesha kuwa mchanganyiko wa namna hiyo ndio hali ya kawaida kwa wenye dimensia katika umri mkubwa.

Kuna pingamizi la haki hapa, nami sitaki kulikwepa. Watasema: zipo familia zinazorithi jeni moja yenye kasoro, kama zile za Antioquia nchini Colombia, ambazo watu wake hupata Alzheimer wakiwa na miaka 40 na kitu, kabla mishipa haijazeeka. Tena watu wenye ugonjwa wa Down, kwa kuwa wana nakala tatu za kromosomu ya 21 iliyobeba jeni ya amiloidi, karibu wote hupata madonge hayo wanapofika umri wa miaka 40. Hiyo si ithibati kwamba amiloidi inatosha? Kwa hao, ndiyo, na sioni sababu ya kubishana. Lakini wenye jeni hizo za kurithi moja kwa moja hawafiki hata asilimia 1 ya wagonjwa wote wa Alzheimer. Wao hutengeneza amiloidi nyingi mno au ya aina mbaya tangu utotoni. Mzigo ni mkubwa hata ubongo imara unalemewa. Mgonjwa wa kawaida, bibi wa miaka 78 mwenye presha na kisukari, hana utengenezaji huo wa kupindukia. Kwake yeye kinacholegea ni usafishaji na ustahimilivu, na vyote viwili vinategemea mishipa. Kumwelezea bibi huyo kwa mfano wa familia za Antioquia ni kuchukua kesi adimu na kuihukumia kesi ya wengi.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo linahusu majaribio ya tiba. Mambo mawili kwenda pamoja si uthibitisho kwamba moja ndilo lililoleta jingine. Huenda wenye presha wana umaskini zaidi, au elimu kidogo zaidi. Njia ya kujua ni kuitibu mishipa kwa makusudi na kuona kama dimensia inapungua. Hapo historia ina milima na mabonde. Majaribio mawili makubwa ya dawa za kushusha lehemu yaliyotangazwa mwaka 2002, moja la simvastatini na jingine la pravastatini, hayakuonyesha nafuu yoyote kwa uwezo wa kufikiri. Huko Uholanzi, jaribio la wazee 3,526 lililotangazwa mwaka 2016, ambamo wauguzi waliwafuatilia wazee kuhusu presha, uzito na sigara, halikupunguza dimensia. Upande mwingine kuna jaribio la Ulaya la mwaka 1998 ambapo dawa ya presha ilipunguza dimensia kwa nusu, kutoka wagonjwa 21 hadi 11, idadi ndogo ambayo mtu makini hawezi kuitegemea peke yake. Kisha likaja jaribio la Marekani liitwalo SPRINT, la watu 9,361 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Kundi moja lilishushwa presha ya juu, yaani ile namba ya kwanza ya kipimo, hadi chini ya 120, jingine chini ya 140. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba upungufu mwepesi wa kumbukumbu, ule unaotangulia dimensia, ulipungua kwa asilimia 19. Dimensia yenyewe ilipungua kwa asilimia 17, ila tofauti hiyo haikufikia kiwango cha kuondoa shaka kwamba ni bahati tu.

Mtu anaweza kuishia hapo na kusema ushahidi umegawanyika. Lakini ukiangalia kila jaribio lilifanya nini hasa kwa mishipa, mgawanyiko unapungua. Katika lile la Uholanzi tofauti ya presha kati ya makundi mawili ilikuwa ndogo sana, kwa sababu hata wale ambao hawakuongezewa huduma walikuwa tayari wanatibiwa vizuri na madaktari wao. Huwezi kupima faida ya mvua kwa kulinganisha mashamba mawili yaliyonyeshewa sawasawa. Sasa linganisha na jaribio la vijijini China, lililotangazwa mwaka 2025 na Jiang He na wenzake. Liliingiza watu karibu 34,000 wenye umri wa miaka 40 na zaidi na presha isiyodhibitiwa, katika vijiji 326. Katika nusu ya vijiji hivyo, wahudumu wa afya wa kijiji ambao si madaktari kamili walipewa mafunzo ya kuanzisha dawa na kuziongeza kwa utaratibu uliopangwa, wagonjwa wakapata dawa bure au kwa bei nafuu, na wakapewa vifaa vya kujipimia nyumbani. Baada ya miaka minne, presha ya juu ilikuwa wastani wa 128 katika vijiji hivyo na 148 katika vijiji vingine. Hiyo ni tofauti kubwa, na dimensia ikapungua kwa asilimia 15, safari hii bila ile shaka ya bahati. Kuhusu dawa za lehemu, nakubali kwamba uzeeni hazijaonyesha kuilinda akili, na sitaziingiza katika hoja yangu kwa nguvu. Presha imeonyesha. Na wenye hofu kwamba kushusha presha ya mzee kutaunyima ubongo damu wajue kwamba hilo lilipimwa kwa MRI ndani ya SPRINT, na damu iliyofika ubongoni iliongezeka katika kundi lililoshushwa zaidi. Hofu hiyo ina haki yake kwa mzee dhaifu anayeanguka akisimama, na huyo huhitaji kipimo chake cha peke yake.

Lipo jambo moja zaidi katika majaribio hayo ambalo nalisema kwa uangalifu. Mengi yalihesabu dimensia kwa ujumla, bila kutenga ya Alzheimer na ya mishipa. Mpinzani atasema basi kilichozuiwa ni ile ya mishipa tu. Inawezekana kwa sehemu. Lakini wale masista wametuonyesha kwamba kutenga huko, kwa wazee walio wengi, ni kutenga kwa karatasi. Ukimzuilia mtu mwenye amiloidi kiharusi kimoja kidogo cha ndani, umemzuilia dimensia ambayo daktari angeiandika kuwa Alzheimer.

Upande wa amiloidi nao umepata ushindi wake, na haki ni kuutaja. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha lekanemabu, dawa inayoondoa amiloidi ubongoni. Katika jaribio la watu 1,795 ilipunguza kasi ya kuporomoka kwa asilimia 27 katika miezi 18. Ni hatua ya kweli, japo mgonjwa na nduguze wanaweza wasiione kwa macho. Lakini tazama madhara yake makuu: uvimbe ubongoni kwa asilimia 12.6 ya waliopewa, na vijidamu vilivyovuja kwa asilimia 17.3. Yote mawili ni matatizo ya mishipa. Dawa inapoing'oa amiloidi, mshipa ambao ukuta wake umejaa amiloidi hiyo hiyo huweza kuvuja, ndiyo maana wagonjwa hupigwa picha za MRI mara kwa mara, na wale ambao picha zao zinaonyesha vijidamu vingi hushauriwa kutoitumia. Bei yake ilipotangazwa Marekani ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka, bila vipimo.

Sasa turudi Afrika. Mwaka 2001 watafiti wa Indianapolis na wa Ibadan, Nigeria, walilinganisha Wayoruba wazee na Wamarekani weusi wazee, kwa vipimo vile vile. Alzheimer mpya kwa mwaka ilikuwa asilimia 1.15 Ibadan na asilimia 2.52 Indianapolis, zaidi ya mara mbili, baina ya watu ambao wengi wana asili inayokaribiana. Hawakuweza kusema kwa hakika ni nini kilichotofautisha, lakini presha, kisukari na unene vilikuwa vingi zaidi kule Marekani, na ufuatiliaji wa baadaye huko huko Ibadan uliihusisha presha na dimensia. Nchini Tanzania, utafiti wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, uliotangazwa mwaka 2013, uliwakuta na dimensia wazee 6.4 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Wagonjwa hao karibu nusu waliainishwa kuwa na Alzheimer, na kama wawili kati ya watano kuwa na dimensia ya mishipa. Katika wilaya hiyo hiyo zaidi ya nusu ya wazee walikutwa na presha, na waliokuwa wameidhibiti walikuwa wachache mno. Tena utafiti wa kiharusi uliotangazwa mwaka 2010 ulikuta wagonjwa wapya wapatao 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka jijini Dar es Salaam, na wapatao 109 huko Hai. Mjini mishipa inaumia karibu mara tatu ya kijijini, na vijana wetu wanahamia mjini. Kenya nayo ilipopima mwaka 2015, karibu robo ya watu wazima walikuwa na presha, na zaidi ya nusu walikuwa hawajawahi kupimwa maishani.

Ndiyo maana naona ni kosa kuuzungumza ugonjwa wa Alzheimer hapa kwetu kana kwamba ni habari ya maabara za ng'ambo inayosubiri dawa ya ng'ambo. Ile njia ya vijiji vya China inafanana na tulichonacho: wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, amlodipini na losatani zipo, kipimo cha presha kinachofungwa mkononi kinabebeka kwenye mfuko. Kinachokosekana ni mpango wa kumfuata mgonjwa nyumbani mwezi hadi mwezi, na dawa ambazo hazikatiki zahanatini. Wizara zetu zikipanga bajeti ya presha huhesabu moyo, figo na kiharusi. Zihesabu na kumbukumbu, kwa sababu gharama ya mzee mwenye dimensia haionekani hospitalini, inabebwa na binti aliyeacha biashara yake ili akae naye.

Nawe msikilizaji, kama umetimiza miaka 40 na hukumbuki mara ya mwisho ulipopimwa presha, pita zahanati wiki hii. Kama uliandikiwa dawa ukaiacha presha iliposhuka, ukidhani umepona, rudi kwa aliyekuandikia, kwa kuwa ilishuka kwa sababu ya dawa hiyo. Na kama nyumbani una mzee aliyekwisha kuanza kusahau, usiseme ni uzee tu. Mpeleke apimwe presha na sukari, umweleze daktari kwa ukamilifu mabadiliko uliyoyaona na yalianza lini.